Mkono Mtupu

Saa tisa usiku, Altadena,
Siranush anakunywa chai ya asubuhi.
Saa yake inafuata jua la Mirihi,
kila siku inamsogeza dakika arubaini;
mumewe amezoea mto baridi.

Jana walituma amri: nyoosha mkono, toboa,
sentimita saba, usizidishe.
Gari likatii, peke yake,
juu ya vumbi lisilojua unyayo.

Picha zinashuka, mstari kwa mstari.
Tundu lipo, duara safi.
Mrija mtupu.
Jiwe limesagika, unga umerudi chini.

“Tujaribu jiwe jingine,” anasema Anselmo,
tayari ameshika kofia.

Mkono mtupu haulambwi, tungesema sisi.
Yeye anaulamba kwa macho:
anakuza kingo za tundu, tabaka juu ya tabaka,
kama kurasa zilizolowa zikakaukiana.
Jiwe gumu lingekaa mrijani.
Hili limelainishwa.
Na nini?

Anaandika kwa penseli: maji.
Anaweka alama ya kuuliza,
anaifuta,
anairudisha.

Nje kunakucha. Jirani amesahau bomba wazi,
nyasi zimeshiba zamani,
na kijito chembamba kinavuka barabara
hadi chini ya gari lake.