Anayetangulia Kula

Mvua ya kwanza ya Desemba imepita Ipuli,
na Mama Ngelela ananigongea mlango kwa kiwiko
maana mikono yote miwili imeshika ungo:
uyoga, bado una udongo shingoni,
mwingine mwekundu kama tofali bichi,
mwingine wa njano ya kiini cha yai.
"Mgeni," ananiita hivyo, mwaka wa pili sasa,
"utie karanga."

Niseme ukweli. Nilikotoka mimi, Pangani,
uyoga ni kitu cha kuruka njiani.
Nikafunga mlango, nikashika simu,
nikaandika: *uyoga mwekundu unaliwa*.

Haikufika sekunde. Majibu laki tatu na ushee.
La kwanza, tangazo la sufuria.
La pili likaniuliza, kwa adabu ya karani wa mahakama,
*Je, ulimaanisha: ukoga?*
Sikumaanisha ukoga.
La tatu lilikuwa na picha, kofia nyekundu, madoa meupe,
umesimama kwenye theluji
na fuvu la mtu limechorwa chini.
La nne, la mtu asiyetaja jina wala kijiji:
*mtamu sana, nakula tangu utotoni.*
La tano likataka kujua niliko.
Niliko? Jikoni, Tabora, na njaa.

Si kwamba nakibeza kisanduku hiki cha kutafutia.
Ndicho kilichonifundisha kuziba pampu kwa mpira wa baiskeli.
Ndicho, usiku ule wa mtoto wa Shija,
kilichosema homa na shingo kukakamaa si ya kungoja asubuhi,
tukakimbia Kitete, tukawahi.
Lakini ni hicho hicho kilichoniapia
kwamba treni ya Mpanda inaondoka saa tatu usiku.
Nikafika stesheni na begi langu,
nikamkuta mfagiaji na ufagio wake.
"Hiyo ratiba ya zamani, anko. Nani kakwambia?"
Nikaona haya kumtaja.

Chenyewe hakioni haya.
Hakikohoi, hakikuni kichwa,
hakisemi *hapo sina hakika, kamuulize fulani*.
Kinapanga tu, juu hadi chini,
kweli na uongo wamevaa sare moja
kama watoto mstarini, Jumatatu asubuhi,
na aliyelipa ada kubwa anasimama mbele.

Jioni Mama Ngelela akafuata ungo wake.
Akaukuta uyoga kama alivyouacha
na simu juu yake, inawaka.
Hakusema neno. Alivuta kigoda, akachambua.
Mmoja akaunusa, akautupa dirishani.
"Huyu hapana. Ni ndugu yao, lakini hapana."
Nikautazama pale chini, nikatazama waliobaki.
Sikuona tofauti. Hadi leo sijaiona.
"Umemjuaje?"
"Nimemjua."

Akakaanga, akatia karanga, akapakua sahani moja.
Akala yeye.
Taratibu, akinitazama machoni,
kisha akafuta mdomo kwa upindo wa kanga
na akangoja.
Nami nikangoja.
Tukaongea bei ya tumbaku, tukaongea mchwa
walioingia darini kwa Kabula,
giza likaingia, akawasha taa mwenyewe kama kwake.

Laki tatu na ushee, na hakuna hata jibu moja
lililowahi kunifanyia hivyo:
kutia mkono sufuriani kabla yangu,
kisha kuketi na tumbo lake palepale
mpaka nimwamini.

Nikiwa kwenye sahani ya pili
akanyoosha kidole kwenye simu.
"Haya, nami nitafutie. Goti hili, la kushoto."
Nikaandika. Milioni mbili.
Akayasukuma kwa kidole chenye mafuta,
juu, juu, juu tena, kioo kikafanya ukungu.
"Hawa wote," akauliza,
"kuna hata mmoja anayeumwa goti?"