Baridi Yabisi

Verlene Haugstad ameingia na theluji mabegani,
hakuipangusa. Ameweka bastola yake mezani,
imefungwa kwa taulo la jikoni lenye picha za jogoo,
tupu, magazini kando, chemba wazi:
miaka thelathini aliendesha basi la shule hapa Lewistown
na hajawahi kunikabidhi kitu bila kukikagua mara mbili.

"Kimepasuka," anasema. Nami naona:
ufa mwembamba kama unywele wa mtoto
unashuka kutoka dirisha la maganda hadi ukingoni.
Kitelezi hiki kimekwenda nyuma na kurudi mbele
kila Alhamisi jioni, mbele ya sahani za chuma za klabu,
mpaka chuma chenyewe kikasema basi.

Namtandikia vitatu juu ya zulia la kijani.

Cha kwanza kimetobolewa madirisha kila upande,
chepesi, cha rangi ya dhahabu, kinajua kuwa kinatazamwa.
Anakigeuza. "Hii ni nyumba ya njiwa.
Vumbi la Julai litahamia humu na watoto wake."
Kipya kinyemi, ingawa kidonda;
lakini Verlene amelea wavulana wanne,
anakijua kidonda kabla hakijatunga usaha.

Cha pili kizito, cheusi, juu kimechongwa kikao
cha kile kioo chenye nukta nyekundu.
Namwambia polepole, kama mtu anayevuka barafu:
"Ukiwa na nukta, hutahangaika kuitafuta ncha ya mbele."
Kimya. Mashine ya kuchonga inapoa nyuma yangu, tik, tik.
"Orcutt," anasema, "nani kakwambia siioni?"
Hakuna aliyeniambia. Nimeona karatasi za matokeo.

Cha tatu hakina hadithi. Kijivu, rangi ya ndoo.
Ila meno yake yamekatwa kwa kina, nyuma na mbele pia,
meno ya kukishika kidole kisichoweza tena kushika.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe,
ambalo hakulitaja, nami sikuuliza:
vifundo vya vidole vyake vimevimba kama tangawizi.
Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, baridi yabisi;
ndani ya mkono wake, baridi yabisi hiyohiyo.
(Daktari wa Billings ana jina refu zaidi.)

Nakivisha kile cha kijivu juu ya kiunzi chake,
na springi laini niliyoitenga tangu alipopiga simu.
Anavuta. Kinakubali nusu, kinakataa nusu.
Anabadilisha: mkono wa juu unatulia,
wa chini unausukuma mpini mbele,
uso umekunjamana, midomo imefungwa,
kra-chak.

Tena. Mara nane. Nahesabu huku najifanya natafuta risiti.

"Na hiki cha zamani?"
Ubavuni kina herufi mbili, H. H.,
alizozikwaruza Harlan kwa sindano, amelewa kidogo,
mwaka waliofunga ndoa.
Namweleza sheria: kwa serikali, bastola ni kiunzi,
palipo na namba. Kitelezi ni kipuri tu, kama taa ya gari.
"Serikali haikulala na Harlan," anasema,
anakitia kwenye mfuko wa koti,
ule wenye tishu na pipi za kikohozi.

Alhamisi ijayo atanipigia kusema kinabana,
risasi ya tatu imekwama; nitamwambia akilete,
chuma kigeni hakizoeani na wenyeji siku moja,
nitapitisha tupa mahali, unene wa karatasi, si zaidi.

Sasa hivi yumo garini, injini inanguruma,
hajaondoka. Kupitia kioo chenye ukungu namwona
mikono imenyanyuka kidogo juu ya usukani,
inavuta, inaachia,
inavuta kitu kisichokuwepo.