Siku ya Tatu

Ndahani, tumekuona kwenye simu ya Chilongani,
imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya kula,
kioo kina ufa, ufa ukakukata shingoni.
Kwako Winipegi ni asubuhi. Huku Mpunguzi
jua linaanza kuchoka, na mama
amekalia ndoo iliyopinduliwa,
vidole vyeusi kwa utomvu wa mizabibu.

Ukumbini mlikuwa wengi.
Nilihesabu vilemba vitatu, gomesi moja ya zambarau,
na mzee aliyelia bila kujificha.
Mkainua mikono ya kulia,
mkaapa kwa sauti moja isiyokuwa moja,
kila mtu akitafuna maneno kwa meno ya kwao.

Kisha wimbo. Mama akauliza,
"Wanaimba nini?"
Nchi yao, nikasema.
"Yao nani?"
Mtandao ukakata.

Chilongani, unamjua, akakimbilia sheria:
akiapa huko, huku anafutwa,
pasipoti ya kijani anairudisha ubalozini.
Mama akakung'uta kanga.
"Na kitovu, nacho wanakitaka?
Basi wakachimbe."
Lile zizi ulikozikiwa kitovu
siku hizi ni barabara ya mzunguko,
malori ya Rwanda yanapita juu yako usiku kucha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe walikupa koleo la theluji.
Uliniandikia: umesafisha njia yako,
ukaendelea mpaka kwa jirani, Bi Halina,
akakutolea supu nyekundu kama udongo wa Kondoa.
Miaka saba unachota weupe unaorudi,
na bado kazini, kwenye foleni ya chai,
mtu anakuuliza kwa upole kabisa,
kwenu hasa ni wapi?

Hilo *hasa*, kaka, lina kwato.

Nami nisijitie usafi.
Juzi nilikuwa mezani Chang'ombe, naandikisha vitambulisho.
Akaja Salha binti Awadhi, baibui limejaa vumbi letu.
Babu yake aliuza chumvi Kwa Mtoro
kabla babu yetu hajajua bei ya chumvi.
Kanisalimia "mbukwa" vizuri kuliko mimi,
kanitania kwa Kigogo cha ndani, cha mazizini,
na fomu ina mstari, na mstari unataka kujazwa,
nikafungua mdomo:
kwenu hasa ni wapi?
Nikazisikia kwato zikipita kwenye ulimi wangu.

Salha hakukasirika. Ningependa angekasirika.
"Hapa," akasema,
"hapo ulipoegemeza kiwiko."

Jioni nikamsimulia mama. Akanyamaza, anachuja mlenda.
Sikukumbuka, mpaka aliponyamaza,
kwamba yeye ni Mrangi wa Kolo,
aliletwa hapa na kibuyu na godoro,
akaitwa *yule mgeni* mpaka mimba ya nne.
Na mimba ya nne ni wewe.
Na upande wa baba, ukiwakalisha wazee vizuri,
kila mlango una safari yake:
hawa walishuka kutoka Uhehe, wale walifuata ng'ombe waliopotea,
hawakuwapata ng'ombe, wakapata shamba.
Hata zabibu hizi tunazokatia matawi
zililetwa na mapadri. Nani anaziuliza?

Mtandao ukarudi.
Ulikuwa unakula keki, kijibendera kimechomekwa juu,
mtoto wako anakuvuta suruali
kwa lugha ambayo mama anaitikia tu, "ee, ee."

Mama akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.
"Ndahani, hilo koleo,
usiku unaliweka wapi?
Kama linalala nje, wewe bado kibarua.
Kama linalala ndani, nyuma ya mlango..."

"Nini, mama?"

"Koleo!"

"Sikusikii. Nini?"

Na nyuma yako watu walikuwa wanapiga makofi,
sijui wanampigia nani.