Viua

Zubeda Mbwana aliileta kwa toroli la madumu,
imefungwa leso kama mgonjwa wa homa.
"Inazimika," alisema. "Nachapa kadi ya harusi,
jina la bwana linatoka, la bibi linabaki tumboni."
Nikaweka kiganja ubavuni mwa kasha:
moto. Joto la Ngamiani mwezi wa pili
limeingia humo, limekosa mlango wa kutokea.

"Itoboe. Lakini sitaki chujio la nazi."
Akatoa mkobani kofia ya marehemu baba yake,
viua vimeshonwa nusu duara,
nusu nyingine penseli tupu.
"Hivi. Ubavu mzima."

Nikasema sawa. Ulimi hauna mfupa.

Usiku ule, bandani kwangu Barabara ya Kumi na Mbili,
nikapanga zana mezani kama ngariba,
na plastiki ya kujaribia: mfuniko wa printa iliyokufa.

Grenda kwanza, maana ndiyo yenye kelele,
na mwenye kelele hujifanya anajua.
Haikukata. Iliyeyusha. Ukingo ukavimba,
ukaota ndevu, ukaganda tena nyuma ya diski
kama kidonda kinachojifunga kabla ya dawa.
Jirani akagonga ukuta. Nikaizima.

Chuma cha kulehemu kilipita kama kijiko kwenye samli.
Nilifurahi dakika moja.
Kisha moshi, mchungu, ukanikaa kooni
hata chai ya asubuhi ikawa na ladha ya ndoo iliyoungua.
Na tobo lilikuwa na midomo.
Kofia haina midomo.

Keekee ya umeme, ncha ya milimita tatu:
tobo safi, tiifu. Lakini duara tu.
Keekee haijui jani, haijui mwezi mwandamo.
Nikaharakisha; plastiki ikalia ta!
ufa ukakimbia hadi pembeni kama mjusi.

Kisu cha karatasi kilikata vizuri sana
kidole gumba.

Saa saba usiku nikakumbuka boksi la Hoza,
fundi redio aliyenifundisha kwa makofi,
kisha akahamia Muheza kulima machungwa.
Chini ya vali, ndani ya karatasi ya mafuta,
msumeno wa uzi: upinde wa chuma
na wembe mwembamba kama mwiba wa dagaa.
Toboa kwanza kwa keekee. Pitisha wembe tundoni,
ukaze, uvute. Usisukume.
Mkono wa kulia upande na kushuka palepale,
wa kushoto ndio uzunguke na ua.
Ukienda mbio wembe unapata joto,
plastiki inaunasa, tap.
Zilikatika kumi na moja.

Nadhani mshona kofia alilijua hili:
kwamba tobo halitolewi,
linazungukwa mpaka likubali kubaki.
Au labda alijua tu macho yanavyouma.

Siku nne. Tupa ya mkia wa panya kwenye kona za ndani,
msasa wa maji, na mate pale maji yalipokatika.
Vipande vilianguka vidogo, vyeupe;
kuku wa Mama Chausiku akaingia, akadonoa kimoja,
akanitazama kama niliyemdhulumu.

Zubeda alikuja Alhamisi. Hakusema neno.
Akapitisha kidole ubavuni, ua kwa ua,
mpaka safu ya tano,
pale niliposinzia nikayaunganisha matobo mawili,
nikaziba kwa gundi na vumbi la plastiki yenyewe,
nikapiga msasa, nikaapa hakuna atakayeona.
Kidole kikasimama.
Kikaendelea.

Pesa alizohesabu zilipungua elfu mbili.
Sikuuliza.

Akataka tuiwashe palepale.
Feni ikazunguka, pumzi vuguvugu
ikatoka kwenye viua, ikaigusa ile kofia
aliyoisahau mezani,
ikaitikisa kidogo
upande wa penseli.