Usiku wa Kumi na Moja

Kryštof alipohamia Ostrava na mama yake
aliniachia sanduku la kioo, chupa ya kunyunyizia maji,
na kikaratasi: Jina lake Knoflík. Usimshike ovyo. Anakula.

Knoflík, yaani kifungo,
kwa yale madoa ya njano mgongoni,
kana kwamba giza limevaa koti
likasahau kulifunga.

Anakula, kaandika mtoto.
Nami dereva wa tramu, mjane wa miaka sitini,
niliyezoea abiria wasionitazama,
nikapiga magoti mbele ya salamanda: kula, baba.

Nyenje wa dukani nilimletea. Akafumba macho.
Funza nikampa. Akageuza kichwa polepole,
kama karani dakika tano kabla ya kufunga ofisi.
Nikanunua kibanio, nikamchezeshea mdudu puani;
akarudi nyuma hatua moja, ya pili,
akajibanza chini ya gome.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu siku ya tisa
hata kijiko hajakishika.

Nikampigia simu dada, kule Litovel.
Jarmila hajawahi kufuga salamanda,
ana bustani tu, na ulimi.
"Umemweka wapi?"
Kando ya hita, nikasema. Novemba hii, asije akapata baridi.
Kimya. Kisha:
"Bohdana, wewe ungeweza kunywa supu
ndani ya tanuri, jirani amekukodolea macho?"

Basi nikalikokota sanduku hadi stoo,
kwenye ukuta usiopata jua,
palipo na mitungi ya plamu na buti za marehemu.
Nikalowesha majani yaliyooza.
Nikafunika pande tatu kwa gazeti la Jumapili.
Jarmila akaja kwa treni na kopo la kahawa
limejaa nyungunyungu wa chini ya kabeji zake,
wanono, wenye baridi, wananuka mvua.
Nikaweka watano. Nikazima taa.
Nikafunga mlango,
na hapo ndipo paliponiuma:
nilijua kupika, kubembeleza, kukesha,
sikujua kuondoka nako ni kulisha.

Usiku wa kumi: watano.

Usiku wa kumi na moja nikarudi zamu saa saba,
viatu mkononi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe
nikinyata kama mwizi,
nikahesabu kwa mwanga wa simu.
Mmoja amejikunja. Wawili wamesokotana.
Mmoja pembeni, anapanda kioo.
Nikafukua majani kwa kidole kilicholowa. Nikahesabu tena.

Sikumwona akila. Mpaka leo sijamwona.
Alikuwa mlangoni mwa gome,
chembe ya udongo mdomoni,
akinitazama kama mtu
aliyekatizwa maongezi.

Nikampigia Jarmila.
"Wanne," nikasema.
"Wanne nini? Unajua ni saa ngapi?"
"Wanne, Jarmila. Wanne."
Akakata simu.