Kipande cha Mfaa

Wete, nyuma ya ghala la zamani la karafuu,
baba yangu, Fundi Usi Mcha, huchonga milango.
Minyororo pembezoni, mayungiyungi juu ya kizingiti,
na magamba, safu kwa safu, hadi kiganja kiote sugu.
Uso hachongi.
"Siku ile nitaambiwa: haya, kipulizie roho.
Nitaitoa wapi roho mimi,
na pumzi yenyewe imejaa vumbi la mfenesi?"

Bibi Mgeni alikuwa kitandani tangu Mfungo Sita.
Akamwita: "Nichongee mwana wa hiti.
Wa mama yangu alikuja naye kutoka Mrima,
mwaka waliovuka kuchuma karafuu,
kamfunga tumboni, ndani ya kaniki.
Mchwa wamemla. Imebaki shanga moja."

Baba akatazama dari.
"Mama, sanamu hiyo."
"Na wale samaki wa mlango wa Kadhi?"
"Si samaki wale. Ni magamba tu."
"Basi na mimi mtu simtaki. Nichongee magamba ya mtu."

Tulicheka hata Bibi akakohoa.
Kisha akamchora kwa kidole juu ya shuka:
kiwiliwili kama mchi.
Mikono hana, hajaanza kushika.
Miguu hana, hajaanza kwenda.
Kitovu anacho, maana kila mtu katoka kwa mtu.
Kichwani vishungi viwili, bonde katikati.
"Na macho?"
"Macho atayatia mwari mwenyewe."

Siku tatu baba hakugusa patasi.
Ya nne, baada ya alfajiri, nilimkuta
ameshika kipande cha mfaa,
mabaki ya mlango wa mtu wa Mtambwe
aliyekufa kabla hajamaliza kulipa.
Mfaa, mti wa katikati;
bila huo mlango ni mbao mbili zilizosusiana.
Tangu nina miaka tisa mimi ndiye mpimaji wake.
Safari ile hakuniomba futi.
Alikwangua, akanusa, akakwangua tena,
na kitovu akakitia mwisho kabisa:
bismillahi, ncha ya tindo, pigo moja.

Nami mjinga nikauliza anachezewa vipi.
Bibi akanitazama
kama niliyeuliza mkate unachezewa vipi.
"Hachezewi. Anaogeshwa. Anapakwa mafuta ya nazi.
Ukiamka na kiu, yeye kwanza.
Siku saba, na ahsante hakupi.
Ukimchoka siku ya tatu, ujue.
Si dhambi. Ila ujue."

Mwari alikuwa mpwa wangu Mize, miaka kumi na tatu,
akimficha chini ya mto shoga zake wasimwone.
Usiku wa tano nilisikia mnong'ono gizani:
anamweleza habari za hesabu za sehemu,
na za mwalimu anayesimama karibu mno.
Asubuhi aliniambia na mimi.
Sikumuuliza nani alimfundisha kuanza kusema.

Baadaye akaja mtu wa hoteli, kavaa miwani ya jua ndani ya banda.
Anataka kumi na wawili. Wenye macho, wanaotabasamu,
na miguu, ili wasimame.
"Wasimame wapi?" akauliza baba.
"Rafuni."
Paa letu lilikuwa linavuja, pesa tulizihitaji.
Baba akamchongea milango kumi na miwili
ya ukubwa wa kiganja, isiyofunguka.
Mtu yule akalipa, akafurahi.

Bibi tulimzika mvua za vuli zilipoanza.
Mwana wa hiti yuko kwa Mize, juu ya kasha,
ile shanga moja shingoni,
na mahali pa uso pameiva weusi kwa mafuta.
Baba akienda kumtazama mjukuu hukaa akimpa mgongo.
Lakini akiinuka kuaga,
kabla hajavaa viatu,
hupitisha dole gumba kwenye kitovu,
haraka, kama anayekagua ufa.