Ndivyo Tulivyokusudia

Kazi yangu ni kufa.
Saa tatu asubuhi nafika, navua buti lenye tope la theluji,
naweka chai juu ya hita, kisha nakufa
mpaka tramu namba nne inirudishe nyumbani.
Ghorofa ya pili, Brno, dirisha linatazama karakana ya matairi.
Nikifa vibaya, naandika.

Niliandika: maandishi ni madogo kama mayai ya chawa.
Niliandika: kitufe cha kuokota upanga
ndicho hicho hicho cha kuuza,
na mwenye duka haulizi mara mbili.
Niliandika kuhusu sungura mwenye kofia
ambaye baada ya saa thelathini, majoka saba na mfalme mmoja marehemu,
bado huchomoza pembeni kunifundisha
namna ya kutembea.

Na Mzee Hynek! Hynek wa taa,
ninayepaswa kumvusha msituni akiwa hai.
Nikitembea, ananiacha.
Nikikimbia, namwacha.
Wakitokea mbwa mwitu, anasimama kuwasalimu.
Nimemzika mara mia na nne,
na kila akifufuka anauliza, "Tumefika?"

Aliyeyabuni yote ni Dalibor. Ana ndevu nzuri
na kikombe ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukiosha.
Kila nilichoandika alikifunga kwa maneno mawili:
Ndivyo tulivyokusudia.

Siku moja nilimpelekea ule mlango wa chuma.
Ukiufungua, Malkia wa Chumvi anahutubia dakika nne,
hotuba hairukwi,
kisha anakuua kwa pigo moja
na unarudishwa darajani, chini ya ngazi mia mbili.
Hotuba naijua kwa moyo. Kaka yangu anasema
naitoa usingizini, hata pale mwigizaji anapomeza mate.
"Basi tuwape watu pumziko," nikamwambia. "Kitufe kimoja tu.
Mtu ana sufuria jikoni. Mtu anabishiwa hodi."
Dalibor akapuliza kahawa yake.
"Vendula, maisha nayo hayana kitufe cha kusimamisha."
Wenzangu wakacheka. Mimi nikarudi kufa.

Februari akapata mtoto, Otylka,
kilo mbili na nusu, na mapafu ya kilo kumi.
Usiku wa nane wa likizo yake, saa tisa kasoro,
simu yangu ikatetemeka:
Unapitaje ule mlango?

Nikadhani ananitania. Ikaja nyingine:
Nimepanda ngazi mara tisa. Malkia akianza, na mtoto anaanza.
Namweka begani, nambembeleza,
nikirudi, mimi ni chumvi.

Kisha, baada ya kimya kirefu:
Hivi haya maandishi yamekuwa madogo tangu lini?

Jibu nilikuwa nalo. Maneno mawili,
miaka mitatu yakiiva mdomoni.
Niliyaandika. Kidole kikawa juu ya tuma,
nami nikamwona: gizani, fulana ina maziwa begani,
macho ameyakaza kama mimi
kila siku ya Mungu saa tisa alasiri.
Nikayafuta.
Lala, nikaandika. Malkia hana pa kwenda.

Wiki tatu baadaye toleo jipya likaingia.
Ndani yake kitufe: kidogo, cha kijivu, bila sherehe.
Nikapanda ngazi. Nikafungua mlango wa chuma.
Malkia alipovuta pumzi, nikabonyeza.

Chumvi ikasimama hewani. Upanga ukasimama.
Huko chini nikasikia matairi yakishushwa garini,
moja, moja,
nikanywa chai ingali moto,
mara ya kwanza tangu Oktoba.

Ndipo, nyuma ya Malkia aliyeganda,
taa ikapita.
Hynek. Anatembea.
"Tumefika?"

Nikavuta kibodi.